Mji Unaojengwa Juu ya Kisima Chake

Siku hizi ukitaka kujua Dodoma inapanuka kuelekea wapi, wasikilize madalali wa viwanja. Watakutajia Veyula, Msalato, Ihumwa, Mtumba, Nala na Matumbulu, na baada ya kila jina wataongeza: "barabara ya mzunguko inapita hapo." Ni ile ya kilomita 112.3 inayolizunguka jiji kutoka Nala, ikapita Veyula, Mtumba na bandari kavu ya Ihumwa, kisha Matumbulu na kurudi Nala. Mashamba ya uwele na mtama yamesimikwa bikoni, na mzee aliyekuwa akihesabu magunia sasa anahesabu mita za mraba. Vijiweni na hata kwenye vikao vya familia, barabara hiyo inasifiwa kwa mambo mawili: itaondoa malori mjini, na itapandisha bei ya ardhi. Yote mawili ni kweli. Ila naona habari hii tumeisoma nusu. Barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato na reli ya kisasa iliyoanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024 ni habari ya maji ya kunywa kabla ya kuwa habari ya foleni. Maji ya Dodoma hayatachafuliwa na mgodi. Yakichafuliwa, yatachafuliwa na mji wenyewe, kwa vitu vya kawaida ambavyo hakuna anayevitazama kwa hofu: sheli, gereji, ghala la kemikali, maegesho ya malori, choo cha shimo nyuma ya nyumba ya kupanga. Na wakati mwepesi wa kuzuia jambo hilo ni sasa, ambapo sehemu kubwa ya ardhi hiyo bado ni shamba.

Kila ninapoligusa suala hili, jibu la kwanza huwa lilelile: sisi si watu wa migodi ya makaa ya mawe. Kwa upande wa miamba, jibu hilo ni sahihi. Makaa yetu yako kusini na kusini-magharibi mwa nchi, Ngaka wilayani Mbinga, Mchuchuma wilayani Ludewa, Kiwira kule Nyanda za Juu. Dodoma imekaa juu ya granaiti kongwe isiyo na makaa hata chembe. Makaa yanapochimbuliwa, salfa iliyofungiwa kwenye mawe yake hukutana na hewa na maji ikageuka tindikali; tindikali hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine na kuzishusha mtoni, maji yakawa na rangi ya kutu na samaki wakatoweka. Mtu wa Mbinga ana haki ya kuuliza kuhusu jambo hilo kila mwezi na kujibiwa kwa vipimo. Mkazi wa kando ya Mto Tigithe kule Tarime, ambako Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, hahitaji kufundishwa na mtu wa mjini. Lakini mifano hiyo imetujengea mazoea mabaya. Tumeizoea sumu ya majini kama kitu chenye anwani moja, nayo ni mgodi, na asiye na mgodi jirani analala usingizi.

Ndiyo maana naurudia mara kwa mara mkasa wa Charleston, mji mkuu wa jimbo la West Virginia, Marekani. Hilo ni jimbo la makaa ya mawe kwelikweli, na watu wake wana sababu ya kuogopa migodi. Februari 1972 bwawa la tope la makaa lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek likaua watu 125. Oktoba 2000, jirani yao Kentucky, tope jingine kutoka bwawa la mgodi lilivujia mito ya Kaunti ya Martin kwa wingi wa kutisha. Macho yote yakawa milimani, kwenye mabwawa. Kisha asubuhi ya Januari 9, 2014, wakazi wa Charleston wakaamka na harufu tamu kama ya peremende hewani na, baadaye, kwenye mabomba yao. Tangi la kampuni ya Freedom Industries lilikuwa limetoboka na kumwaga kemikali ya kuoshea makaa katika Mto Elk, takriban kilomita 2.4 juu ya mahali kampuni ya maji ilipokuwa ikivutia maji ya mji. Watu wapatao 300,000 katika kaunti tisa wakaambiwa wasinywe, wasipike, wasioge, wasifue; maji yale yalifaa kwa choo na kuzimia moto tu. Kuchemsha hakukusaidia. Baadhi yao walikaa hivyo zaidi ya wiki moja.

Wengi wanaposimuliwa mkasa huo huuweka kwenye fungu la maafa ya migodi. Sivyo. Hakuna mgodi uliobomoka siku ile. Lilikuwa yadi la matangi kando ya mto, ndani ya eneo la mji, ambalo kila mtu alipita mbele yake kwa gari akienda kazini. Kwa kuwa pale palihifadhiwa kemikali na hazikutengenezwa, ukaguzi wa jimbo ulikuwa hafifu. Sheria ilimtazama mchimbaji na mtengenezaji, ikamsahau mwenye ghala. Kemikali yenyewe ilikuwa karibu haijulikani madhara yake kwa binadamu. Wataalamu wa afya walilazimika kukisia kikomo cha miligramu moja kwa lita kutokana na majaribio machache ya wanyama, kisha siku chache baadaye wakawashauri wajawazito wasiyanywe maji hayo mpaka kemikali isionekane kabisa. Na kampuni ya maji haikuweza kufunga mdomo wa bomba, maana haukuwapo mwingine. Mji mzima ulinyonya sehemu moja. Kampuni iliomba kufilisika siku nane baada ya uvujaji. Machi mwaka huo bunge la jimbo likapitisha sheria ya matangi, na mwaka uliofuata likailegeza.

Sasa turudi nyumbani. Kwa miongo mingi Dodoma imekunywa Makutupora, bonde lililoko kaskazini mwa mji upande wa barabara ya Arusha, ambako visima virefu vinavuta maji kutoka granaiti iliyochakaa na kupasuka chini ya ardhi. Chanzo hiki ni cha pekee kwa sababu nyingine pia, na ningependa kila mwanafunzi wa Dodoma aijue. Kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na rekodi hiyo, ambayo wanasayansi waliichambua kwa kipindi cha miaka 55, ni miongoni mwa ndefu zaidi za aina yake katika nchi za joto. Walichokikuta ni kwamba Makutupora haijazwi kidogokidogo kila mwaka. Dodoma hupata milimita kati ya 500 na 600 za mvua katika mwaka wa kawaida, na nyingi ya hizo hunywewa na jua kabla hazijafika popote. Kisima hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha mji ukaishi kwa akiba hiyo miaka mingi. Na tafiti zilizofuata zikaonyesha njia ambayo maji hayo hupitia: kwa sehemu kubwa huzama kupitia mchanga wa makorongo, ile mito yetu inayokaa mikavu miezi saba na kutiririka kwa saa chache mvua ikipiga.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame nami kidogo, maana hoja yangu nzima imelala hapo. Korongo kwa mtu wa mjini ni mahali pasipo na mwenyewe. Ndiko taka zinakotupwa usiku, ndiko fundi gereji anakomwaga oili chafu, ndiko gari la kunyonya vyoo hujaribu kumwaga mzigo likikosa msimamizi, ndiko wachoma matofali na wachimba mchanga wanakofanyia kazi. Kiangazi kizima uchafu huo unakaa pale, mkavu, hausumbui mtu. Kisha mvua kubwa inakuja, ileile mvua tunayoiombea makanisani na misikitini, ileile itakayojaza akiba ya miaka kumi. Mkondo wa kwanza unaosomba uchafu wa miezi saba ndio mkondo unaozama kwenye mchanga kuelekea kisimani. Mlango wa riziki na mlango wa sumu ni mmoja, na hufunguka siku moja. Leo, kwa kuwa sehemu kubwa ya vidakio vya kaskazini, yaani ardhi inayokusanya mvua na kuielekeza kisimani, bado ni pori, mashamba na mizabibu, mlango huo unaingiza zaidi tope na kinyesi cha mifugo. Ukipanda juu yake mji wa sheli, gereji na maghala, utaingiza vingine. Sisemi lami yenyewe ni sumu. Nasema lami huvuta biashara, na kila mmoja wetu amesafiri kwa barabara kuu za nchi hii akajua ni biashara gani hutangulia kufika kwenye makutano.

Chukua mfano wa petroli. Ndani yake mna kemikali iitwayo benzini, inayosababisha saratani ya damu, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya benzini ina uzito wa gramu 876 hivi. Kwa hesabu ya karatasi, lita hiyo moja inatosha kuyafikisha maji lita milioni 87 kwenye kikomo. Ardhini mambo hayaendi kama kwenye karatasi, kwa sababu sehemu ya benzini huvukizwa na sehemu huliwa na bakteria, na udongo mzito juu ya mwamba huzuia nyingine. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini tangi la sheli linalovuja polepole chini ya zege, bila mwenye sheli mwenyewe kujua, si jambo dogo likiwa juu ya kidakio.

Uchafuzi wa mji nao haukuanza leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta naitreti nyingi, kemikali itokanayo na kinyesi na mbolea, katika maji ya chini ya ardhi ya Dodoma na kuihusisha na majitaka ya watu wenyewe. Hiyo ilikuwa Dodoma ndogo. Sensa ya 2012 iliukuta mji ukiwa na watu 410,956. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Mtandao wa mabomba ya majitaka unahudumia sehemu tu ya mji, waliobaki tunatumia vyoo vya shimo na makaro. Naitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mwaka 1945 daktari mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, alieleza jinsi watoto wachanga waliolishwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye naitreti walivyobadilika rangi wakawa wa kibuluu, kwa kuwa damu yao ilishindwa kubeba oksijeni. Mama anayemchanganyia mtoto maziwa ya kopo huyachemsha maji kwanza, kama alivyofundishwa kliniki, na hufanya vema kwa sababu ya vijidudu. Ila kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwenye sufuria, naitreti iliyobaki inakolea.

Shangazi yangu ana kisima uani, katika mtaa ambao siutaji. Fundi aliyekichimba aliyaonja maji siku ya kwanza akasema ni matamu, hayana chumvi, na huo ndio ukawa uchunguzi wa kwanza na wa mwisho. Choo chake kiko hatua kama ishirini, cha jirani kiko karibu zaidi. Mgao unapobana, mtaa mzima huja na madumu kwake, na yeye hamnyimi mtu. Visima vya namna hiyo viko vingi mjini, na hakuna ubaya wa mtu kuchimba kisima mahali penye shida ya maji. Hata DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, imechimba visima ndani ya mji, kama vile vya Nzuguni, na vimewapunguzia watu adha kubwa. Lakini mji unaotafuta maji chini ya miguu yake hauwezi tena kuendelea kuzika uchafu wake palepale chini ya miguu bila kupima.

Nije kwenye hoja za wanaonipinga, nikianza na ile iliyo dhaifu kuliko zote ingawa ndiyo nasikia mara nyingi zaidi: maji yanatibiwa kwa klorini, kwa hiyo tatizo limekwisha. Klorini ni mkombozi dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, na sitaki mtu aichezee. Kwa naitreti haifanyi kitu. Kwa floraidi haifanyi kitu. Kwa petroli na viuatilifu haiwezi kutegemewa. Majirani zetu wa Singida wanaijua floraidi kwa meno ya kahawia ya watoto wao, na hakuna kiasi cha klorini kilichowahi kuyasafisha. Katika habari hiyohiyo ya floraidi kuna jambo jingine la kutafakari. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kilikuwa miligramu 4 kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri 1.5, na baadaye nasi tukashuka hadi 1.5. Sababu ya kile cha zamani ilieleweka, maana katika vijiji vingi maji mengine hayakuwapo. Hata hivyo, mtu aliyekunywa miligramu 3 katika miaka ile aliambiwa kwa haki ya kisheria kwamba maji yake yamekidhi kiwango. Ndiyo sababu sentensi "maji yetu yamekidhi kiwango" hainitoshi. Nataka namba yenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: Charleston walikunywa mto, sisi tunakunywa kisima kirefu, na ardhi ni chujio. Ni kweli, na mtu mkweli lazima akubali kwamba mfano wa Mto Elk haulingani na Makutupora kwa kila kitu. Udongo unatulinda na mengi ambayo yangewaua watu wa mtoni siku hiyohiyo. Lakini mto una rehema moja ambayo kisima hakina: unajisafisha. Elk ulipitisha kemikali ile kwa siku chache, tena pua za watu ziliwatahadharisha. Maji ya chini ya ardhi yakiharibika hukaa na uharibifu wake miaka, pengine miongo, na hayanuki. Huko huko West Virginia kuna mfano unaotufaa zaidi kuliko ule maarufu. Katika Kaunti ya Mingo, karibu na Rawl, tope la makaa lilisukumwa chini ya ardhi kwenye migodi ya zamani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na familia za pale zilikuwa na visima vyao. Kesi yao dhidi ya kampuni ya makaa ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2011. Hesabu miaka iliyopita kati ya tope na fidia, ukumbuke kwamba mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa hadithi hiyo alikuwa mtu mzima mwenye watoto ilipoisha.

Wengine wananiambia sheria zipo. Zipo, na baadhi ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo ndani ya mita 60 kutoka kingo zake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu maeneo ya vyanzo kutangazwa kuwa tengefu, na uchimbaji wa maji ya chini ya ardhi kudhibitiwa. Shida ni kwamba mita 60 ziliwekwa na mtu anayefikiria ukingo wa mto na ziwa. Maji ya Makutupora yanaanza safari mbali sana na uzio wa visima, kilomita kwa kilomita, kwenye miteremko ya vilima na kwenye makorongo ambayo mwezi Agosti mgeni hawezi kujua kama ni chanzo cha kitu chochote. Ukiulinda uzio ukaacha makorongo, umelinda bomba na si maji. Isitoshe, ofisi zenye mamlaka hapo ni nyingi: jiji linapima viwanja, EWURA inatoa leseni za sheli na kudhibiti huduma ya maji, NEMC inapitia athari za mazingira, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inasimamia maji yenyewe, DUWASA inayauza. Kila mmoja anaweza kutimiza wajibu wake kwa haki kabisa, kiwanja kwa kiwanja, leseni kwa leseni, na bado asiwepo hata mmoja aliyejumlisha sheli kumi na mbili juu ya korongo moja.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote inatoka kwa wenye ardhi. Mkulima wa Kigogo wa Veyula au Msalato amelima uwele kwenye ukame miaka yote, ameona njaa ambazo wengi wetu tulizisoma tu, na sasa kwa mara ya kwanza shamba lake lina bei inayoweza kumsomesha mtoto na kumjengea nyumba ya bati. Halafu anakuja mwandishi wa makala, mwenye bomba nyumbani, kumwambia shamba lako ni kidakio, usiliuze kwa mwenye sheli. Kwa nini alipie yeye maji ya mji mzima? Hana wajibu wa kulipia peke yake, na mpango wowote wa kulinda kidakio utakaomwachia mzigo huo utashindwa, tena utastahili kushindwa. Kama mji unahitaji ardhi ile ibaki malisho, mizabibu au makazi yenye viwanja vikubwa vilivyounganishwa na mfumo wa majitaka, basi mji ulipe tofauti ya bei. Ankara za maji za watu laki saba na zaidi zinaweza kubeba kiasi kidogo kwa kila uniti kwa kazi hiyo. Mimi ningelipa, na naamini mama anayenunua dumu kwa mkokoteni, ambaye leo analipia maji ghali kuliko mwenye bomba, angeridhika zaidi kuona fedha zinaenda kulinda chanzo kuliko kuzisikia zikitajwa kwenye ukarabati usioisha.

Na wapo wanaosema tusubiri Farkwa na Ziwa Victoria. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba ni la lazima, na mpango wa kuleta maji ya ziwa kupitia Singida nao ni wa lazima, kwa sababu Makutupora peke yake haiwezi kunywesha makao makuu yanayokua kwa kasi hii. Mji wenye vyanzo vitatu uko salama kuliko wenye kimoja; hilo ndilo Charleston walilikosa. Ila chanzo cha pili kinakuja kuongezea cha kwanza, hakiji kukiruhusu kife. Bomba la mamia ya kilomita linaweza kupasuka, pampu zinaweza kukosa umeme, na mwaka wa ukame mkali bwawa la nchi kame hushuka. Siku hiyo tutarudi Makutupora, na tutataka kuikuta kama tulivyoiacha. Tena visima vya mitaani havitafungwa kwa sababu maji ya ziwa yamefika. Wenye nyumba za kupanga wataendelea kuvitumia kupunguza gharama, na mpangaji hatajua anakunywa nini.

Kinachohitajika kwanza si fedha nyingi. Rekodi ile ya kina cha maji iliyoanza miaka ya 1950 ilitunzwa na mafundi waliokwenda kisimani kushusha kamba, mvua isimvua, serikali baada ya serikali. Tunahitaji dada yake: rekodi ya ubora, kisima kwa kisima, yenye naitreti, floraidi, chumvi na mabaki ya petroli, ikibandikwa wazi kila mwezi mahali ambapo mwalimu wa sekondari anaweza kuisoma na wanafunzi wake. Inafaa ianze kabla mji haujafika kule, ili ikifika siku ya mabishano tuwe na kipimo cha kabla. Tunahitaji pia orodha ya kila kinachohifadhiwa kwenye matangi ndani ya kidakio, ikae kwa DUWASA na kwa zimamoto, na masharti ya matangi yenye kuta mbili na visima vya uchunguzi kwa sheli yoyote itakayoruhusiwa huko. Mwenye biashara atalalamikia gharama. Gharama hiyo ni ndogo ikiingizwa kwenye jengo jipya, na ni kubwa mno ikidaiwa baada ya zege kukauka.

Mvua za Dodoma huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba. Kwenye ramani nyingi za viwanja korongo ni mstari mwembamba tu, kama waya, hata pale ambapo maji ya mafuriko hutanda upana wa uwanja wa mpira. Halmashauri ya Jiji, Bodi ya Bonde na DUWASA wanaweza kuyatembea makorongo ya kaskazini pamoja na wenyeviti wa mitaa na wazee wa Veyula na Makutupora, wanaokumbuka maji ya mwaka 1998 yalifika wapi, wakauchora mstari huo kwa upana wake halisi kabla hati za awamu inayofuata hazijatolewa.